Simu ya Baba Isizime

Kambini, 2 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi limenizoea mpaka nadhani linanifahamu kwa sura. Goti lako je? Bado linatabiri mvua?

Kazi ya kupima ardhi inakwenda. Tabu yangu ni chaji. Nimepiga hema chini ya miti, kivuli kizuri, lakini paneli ya sola nayo inakaa kivulini kama mimi. Pawabenki ikijaa nusu nashukuru. Hapo nichaji mashine ya kupimia, maana ndiyo inayonilisha, na redio ya kuitia msaada, na taa. Simu ya Baba inapata makombo. Jana ilibaki kidogo izime.

Mtandao huku hakuna kabisa, hivyo barua nampa dereva wa lori la maji, yule yule wa enzi za Baba.

Binti yako,
Mkaidi

Nyumbani, 11 Septemba

Mkaidi wangu,

Marahaba mwanangu. Goti lipo, linalalamika kuliko mwenye goti.

Simu ya baba yako isizime. Nakuomba kama mama, na ukikataa nakuamuru. Alimpa dereva akamchajie kwenye lori, na dereva aliporudi huko porini hakumkuta yeye wala hema. Hakuna aliyejua alikokwenda. Sina kaburi la kupalilia, nina simu tu. Ikizima nitakuwa nimemzika bila kumwona.

Kila jioni naipigia. Yule binti wa mtandao ananiambia mteja hapatikani. Namwambia najua mwanangu, asante, nakata, naendelea kushona. Usinicheke.

Tafuta jua.

Mama yako

Kambini, 3 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na cherehani haijambo.

Jua nimelipata. Nimehamishia hema mtoni, katikati kabisa. Usishtuke, mto wenyewe jina tu. Ni mchanga mtupu, mpana, hauna hata mti mmoja, na paneli inakunywa jua kutwa nzima. Vyote vikajaa.

Lakini Mama, keti kwanza. Nilikuwa naichaji simu ya Baba hapo hapo juu ya mchanga, karibu na paneli, nikidhani naiheshimu. Joto likaivimbisha betri mpaka kifuniko kikainuka. Niliogopa isije ikalipuka, nikaitoa, nikaifukia mbali. Simu iko kwenye kopo la chai, bila betri. Nimelia kama siku ile dereva alipotuletea simu hiyo. Nisamehe. Nitatafuta betri nyingine nikirudi mjini.

Binti yako,
Mkaidi

Nyumbani, 12 Oktoba

Mwanangu,

Leo sikusalimu. Hama hapo mchangani kabla hujamaliza kusoma.

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Lakini juzi jioni, ikiwa bado njiani, niliipigia simu ya baba yako kama kawaida yangu. Ikaita. Nikadhani nimekosea namba, nikaitazama, ni yenyewe. Ikapokelewa. Akakohoa kile kikohozi chake cha kabla ya kusema jambo zito, halafu akasema, "Mtoto asilale mchangani."

Nikamwita kwa lile jina letu la chumbani. Nikasikia maji, maji mengi, halafu simu ikakatika.

Sijachanganyikiwa, wala sikuwa nimelala. Uzi ulikuwa kwenye sindano. Nilikaa siku mbili nikijiuliza ni mchanga gani. Leo nimesoma barua yako, nikajua. Na unaniambia betri umeifukia.

Nimemwomba dereva aondoke leo leo. Nimemlilia mbele za watu, sikuona haya. Mimi ndiye niliyekuambia utafute jua. Sitaki simu, nakutaka wewe.

Mama yako

Kambini, 20 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mimi mzima. Nimeanza na hilo ili upumue.

Dereva alifika jioni, hata injini hakuzima. Nilisoma, nikacheka kidogo, kisha nikafungua kopo la chai. Simu ilikuwa ndani, haina betri, na kioo kimelowa. Ndani ya kopo hamkuwa na tone la maji, Mama. Sikucheka tena. Tulibeba hema hadi juu mlimani, paneli nikaiacha kwa uvivu, nikisema nitaifuata kukicha.

Kulipokucha mbingu zilikuwa safi, hakuna hata wingu. Mto ukaja hivyo hivyo, kwa mvua iliyonyesha kwa watu wengine huko juu, umebeba magogo. Mahali pangu pa kulala sikupaona tena, wala paneli.

Sasa najua Baba alikokwenda. Naye alikuwa na vifaa vya kuchaji, naye alitafuta jua mchangani. Nimemwekea mawe hapa juu, ukija nitakuonyesha pa kupalilia.

Huku juu ni kivuli kitupu, na taa yangu inakufa. Ukipiga jioni akapokea tena, mwambie nimehama.

Binti yenu,
Mkaidi