Niambie Mlikuwa Mnacheka Nini

Maji ya Chai,
Arusha.
21 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Namnyaki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani wewe, na Songea mnaionaje? Nimesikia goti la Frederick bado linamsumbua. Mwambie mume wako aache ubishi, arudi hospitali. Watoto nao natumaini wazima na wanasoma.

Sisi tunapumua. Mama yangu analalamika miguu, lakini kila asubuhi yuko kwenye migomba na panga lake, na ukimwambia apumzike anakununia siku nzima. Kahawa tumechuma nusu. Wageni wa kupeleka mbugani Momela wapo wa kutosha. Habari njema ndizo hizo, nimezimaliza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nimekuuliza habari za mvua, nikakata. Ukweli ni kwamba nilitaka kukuuliza habari za katuni. Mwanaume mzima, mwenye gari na leseni ya kuongoza watalii, anakata simu kwa sababu ya katuni. Nimeona bora niandike.

Bila shaka unaikumbuka, ile ambayo mgeni mmoja aliniachia kwenye flashi. Kuna mtoto wa kike ambaye hisia zake zote ni wanyama wanaomfuata nyuma: hasira jogoo, woga paka, na huzuni ni bata aliyelowa ambaye hakauki hata akikaa juani. Mtoto anamfukuza bata, mambo yanaharibika, mwishoni anarudi bwawani kumtafuta. Binti yetu Silantoi aliipenda kuliko chakula. Kwa kuwa ni ya Kizungu, na dada yako Kizungu hakukijua, alikaa naye kwenye kochi akamsimulia yote kwa Kiarusha, mwanzo hadi mwisho, karibu kila siku kwa mwaka mzima. Nawe ulipokuja Krismasi mkakaa watatu.

Mimi Kiarusha chenu sikujifunza. Miaka kumi ya ndoa, na najua kusalimia na kuomba maji. Kizungu nilikijua, Kijerumani nikajifunza kwa ajili ya wageni, cha mke wangu nikasema nitajifunza baadaye. Lakini niliwaona. Pale bata anapofukuzwa, mtoto kwenye katuni analia machozi, ninyi watatu mlikuwa mnacheka mpaka mnashikana mbavu. Nikamwambia Naserian, "Mama Silantoi, unamdanganya mtoto. Hapo siyo pa kucheka." Akanijibu bila hata kugeuka, "Wewe jua Kizungu chako. Mimi namjua mwanangu."

Tangu tumzike Naserian mwezi wa tatu, Silantoi alikuwa akitoka shule anaiweka ile katuni na kuzima sauti kabisa. Anakaa upande wake wa kochi, wa mama yake anauacha wazi, midomo inachezacheza. Mama yangu alisema tumwache. Mimi nikaona mtoto anaharibika. Nilijaribu kukaa naye nimsimulie kwa Kiswahili, tena vizuri, neno kwa neno. Akaziba masikio.

Sasa sikia nilichofanya, na usinisamehe haraka. Nilikwenda kwa Solomoni, yule wa pale sokoni anayeuza filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, nikaikuta. Unawajua hawa watafsiri, jamaa anapayuka juu ya filamu nzima kama anatangaza mpira. Nikaileta nyumbani nimefurahi, nikaiwasha. Silantoi akasikiliza mpaka mwisho, ametulia sana. Kisha akaniuliza, "Baba, huyu ndiye anasema kweli, au mama?"

Nikamjibu, "Huyu."

Shemeji, nilijibu kama ninavyomjibu mgeni akiniuliza urefu wa mlima. Sikufikiri. Nilimwona usoni, nikajua nimefanya kitu ambacho sitaweza kukirudisha. Kumbe mtoto hakuwa ananiuliza habari za bata. Nikaanza kubabaika, oh mama naye alikuwa anasema kweli, ya kwake ilikuwa nzuri zaidi. Akaitikia "sawa baba" kwa adabu, akaenda kuvua sare.

Ni wiki sita sasa. Katuni haitazami tena. Kitandani anakojoa, mtoto wa miaka saba. Chakula anagusagusa. Mbuzi wake alikuwa anawafokea kwa Kiarusha, siku hizi anawaswaga kimya. Mchungaji amekuja kuomba naye, mwalimu wake ameniita, mimi nimemwomba msamaha mpaka maneno yameisha. Kila mara ananijibu sawa baba. Nimechoka, Namnyaki. Nimemzika mke wangu mara moja na watu wote, na mara ya pili peke yangu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndiyo maana nakuomba. Ni wewe peke yako uliyebaki uliyesikia na kuelewa. Chochote unachokumbuka, jirekodi kwenye simu kwa Kiarusha unitumie, nimsikilizishe. Hasa pale pa bata. Naserian alikuwa anamsemesha nini yule bata? Mlikuwa mnacheka nini? Nimekaa chumba kimoja nanyi, nimesikia kila neno, na sina hata moja. Kama nawe umesahau, usitunge, nakusihi. Niambie tu umesahau.

Msalimie Frederick na watoto wote. Mama yangu anakusalimu, na Aikaeli wa jirani hachoki kukuulizia. Mungu awatunze huko ugenini, asiwapitishe tulikopita sisi.

Silantoi nimemwita sasa hivi, nikamwambia amtumie mama mdogo salamu kwa Kiarusha, anitamkie na mimi niandike nitakavyosikia. Amesimama hapa mezani, kidole mdomoni, nami kalamu mkononi. Mwishowe ameniuliza, "Baba, salamu inaanzaje?"

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Elisaria