Niliyemkemea Mlangoni

Shekinah na Mugisho, wajukuu wangu,

Sombe iko jikoni, ipasheni moto. Msiile baridi kama jana.

~~Nimeenda kanisani.~~ Uongo. Nimeenda kwa jirani, mzee Karl. Alfajiri nilimsikia anakwangua mlangoni petu bila kupiga hodi, na kwetu Bukavu anayefanya hivyo anazika uchawi. Nikatoka na mwiko, nikamkemea kwa jina la Yesu mpaka akakimbia. Kumbe maskini alikuwa anatuondolea theluji!

Kitendawili: inafunika gari, inafunika njia, lakini aibu yangu imeishinda. Ni theluji hiyo hiyo ya Aprili.

Nimechukua beleshi nimsafishie mlango wake. Mugisho, usicheke. Shekinah, ukiamka unifuate haraka: kumkemea sikuhitaji Kiingereza, kumwomba msamaha nakihitaji.

Koko wenu