Reli za Roshani ya Ghorofa ya Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni na koplo wa zamu, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Kazi yangu ni kutengeneza mifano ya majengo kwa kadibodi na waya, ile midogo anayowekewa mwenye kiwanja mezani aione nyumba yake kabla haijajengwa. Naishi nyuma ya karakana yangu, pamoja na mama yangu. Fundi wa kuchomelea mliyemweka ndani ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimeonywa kwamba kusema uongo hapa ni kosa.

Mnamo tarehe 3 mwezi uliopita, asubuhi, mdogo wangu alikuja karakanani. Alikuwa amepewa kazi ya kuchomelea reli za roshani kwenye jengo la ghorofa tatu, ambalo mfano wake niliutengeneza mimi. Mchoro ulikuwa bado kwa mhandisi, na mwenye jengo alikuwa amemkalia kooni mdogo wangu, wapangaji wanataka kuhamia. Akachukua rula yangu, akauinamia mfano, akaanza kupima.

Mfano ule ni wa moja kwa mia: sentimita moja ya mezani ni mita moja ya kweli. Kuta, milango, ngazi, vyote unazidisha kwa mia, umemaliza. Reli hazifuati hesabu hiyo. Nondo za kweli zinaachana sentimita kumi, kwa hiyo mezani ziachane milimita moja, na waya mwembamba wa kutosha hapo sina, wala vidole vya kuupachika sina. Basi naruka. Napachika moja, naacha moja. Wenye kazi yetu wote tunafanya hivyo, la sivyo reli inaonekana ukuta.

Nilimwambia, "We! Toa rula hapo. Reli usipime, nimeruka nondo. Kasubiri mchoro."

Akacheka. "Dada nawe, maneno mengi! Si nazidisha kwa mia tu?"

"Kuta zidisha mpaka uchoke. Reli hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, bi mkubwa."

Akaondoka anapiga mluzi. Nilidhani anakwenda kwa mhandisi.

Juzi Jumatano, saa kumi na moja jioni, alinipigia simu. Alikuwa analia tu, analitaja lile jengo. Nikaenda mbio. Chini ya jengo watu walijaa. Mshona nguo anayekaa ghorofa ya tatu alikuwa amekaa chini ardhini, anamwambia kila anayepita kwamba alimwacha binti yake acheze roshanini kwa sababu kuna reli. Mtoto wa miaka mitatu. Alipita katikati ya nondo, akaanguka, na alikufa palepale.

Nikapanda juu. Sikuhitaji rula. Nilitandaza mkono kati ya nondo na nondo, shubiri ikaenea. Zilikuwa milimita mbili zangu, mara mia: sentimita ishirini. Na kazi yenyewe safi, jamani, kapiga msasa hata alama ya kuchomelea huioni. Nilikaa pale pale juu nikalia kama mjinga.

Leo, getini hapa, mama alinishika mkono. Akasema, "Sema hukumwambia. Wa mwenzangu harudi tena. Wangu bado ninaye."

Nikamwambia, "Mama, usinifanyie hivi." Hakuniachia mpaka askari alipoita, na bado ananisubiri pale.

Umenieleza, afande, kwamba kama hakujua, anaweza kuonewa huruma, na kama alijua, ni kifungo. Nimeelewa. Huyo nimembeba mgongoni mimi. Natamani nipate wa kumchukia, simwoni.

Umeniuliza mara ya pili kama alinisikia. Alinisikia. Alinijibu.

Haya nimeyasema kwa kinywa changu mwenyewe, na sina jingine.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti. Tulipofika kwenye neno "Alinisikia" aliomba lifutwe. Nikampa kalamu afute mwenyewe na kutia sahihi pembeni. Aliisogeza hadi kwenye neno, kisha akatia sahihi mwisho wa ukurasa, lile neno hakuligusa. Akauliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea. Nilimjibu kwamba hakina.