Namba Moja ya Kiti cha Sharifu

Bi Sihaba, shikamoo, naomba msaada wako, na kabla sijasema lolote naomba pia unisome peke yako kwanza, usinisome kwa sauti mbele ya wenzako hapo gazetini, maana mimi hapa Bagamoyo ni mtu ninayejulikana, ukifika stendi ukauliza fundi Najim ni yupi hata mgeni aliyeshuka jana atakuonyesha kwa kidole. Shule niliiacha kidato cha pili, au niseme tuliachana kwa amani, lakini gari halisomi cheti, gari linasoma mkono. Na kazi yangu siyo kufufua magari yaliyokufa, hiyo wafanye wengine. Mimi nayapandisha cheo: naweka rimu, nabadilisha bampa, nalivisha gari stika mwili mzima lipate rangi mpya, bomba la moshi nalifanya lingurume, na injini naiprogramu kwa kompyuta mpaka itoe nguvu ambazo kiwandani walizibania. Vijana wanatoka Dar, wanapita Bunju, wanapita Mapinga, wanakuja kwangu. Hata wewe Bi Sihaba picha yako naiona kila wiki, umeegemea kile kigari chako chenye plasta kwenye bampa, siku ukipita huku nitakifanya kitembee kama bibi harusi.

Basi huyo ninayekuandikia kwa maringo hayo nimeshika kichwa kwa mkono mmoja, kalamu kwa mwingine.

Mimi nimeposa. Binti anaitwa Adila, wa Mzee Abdillah, na sikusifii uzuri wake kwa sababu nikianza hii barua itakuwa kitabu. Nilimtuma Mzee Mbaruku, mjomba wangu, awe mshenga, akapeleka maneno vizuri, na Mzee Abdillah hakusema ndiyo wala hakusema hapana, alisema kijana wacha tumtazame kwanza. Mimi nikajua kutazamwa ni kupita mbele ya nyumba yao nimechana nywele, kumbe kutazamwa kwenyewe ni huku, maana haukupita muda mzee akaniletea gari gereji, taa ya nyuma imevunjwa na ng'ombe huko Fukayosi alikokwenda shambani kwake. Akasema, kijana, nitazamie hii taa. Basi. Taa.

Bi Sihaba, lile siyo gari la kusemewa taa. Ni gari kubwa la kifahari, jeupe, injini ya silinda nane, nguvu zake linaweza kufukuzana na magari ya mashindano na wewe ndani umekaa kama sebuleni kwa balozi. Aliliagiza mtoto wake mkubwa, Sharifu, kaka yake Adila, aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Sharifu alikuja likizo akaliendesha hapa mjini, mrefu yule, anajikunja kama mwavuli kuingia, sisi tuko kijiweni tunalipigia saluti, kisha akarudi Maskati, akaugua hukohuko, akafa hukohuko, na hukohuko wakamzika na mzee hakuwahi kufika. Haya yote niliyajua, sisemi sikuyajua, mji wetu hauna siri, lakini akili yangu ikaniambia huzuni ya mzee inazidishwa na lile gari lilivyozubaa, linapita barabarani kimya kama jeneza, likichangamka na yeye atachangamka, na akichangamka ataniita mkwe. Nikamwambia, mzee wangu, gari hili nikilishika mimi litakuwa jingine kabisa, utaringa nalo mpaka Msata.

Mzee akanitazama, akalitazama gari, akasema, "Fanya uonavyo, mwanangu."

Nikasema alhamdulillahi, ruhusa hiyo, tena kwa mdomo wake, na nikafanya nionavyo. Nikalivisha stika nyeusi isiyong'aa gari zima, ule weupe wote ukapotea. Nikalishusha, likalala chini kama paka anayenyemelea. Rimu kubwa nyeusi, breki nikazipaka nyekundu zichungulie kwa ndani. Sailensa nikaitoa, nikaweka bomba la midomo minne, ukiachia mafuta linapiga pa pa pa mpaka muadhini akanitumia mtu aniulize kama kuna vita. Halafu nikaingia kwenye kompyuta yake kuipa injini nguvu, na ile programu ya kiwandani niliitunza pembeni vizuri, mimi siyo mjinga, lakini gari likaanza kulalamika, taa za onyo zimejaa kwenye dashibodi kama mji wa sikukuu, na mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama ifute yote yaliyohifadhiwa ianze upya, na mimi mashine ikiniuliza huwa naitikia. Nikabonyeza ndiyo. Taa zote zikazimika. Nikajipigia makofi mwenyewe.

Nikalipeleka Mbegani, nikalipiga video linanguruma, nikaandika juu yake ZAWADI KWA BABA MKWE, nikaiposti. Vijana wa Dar wakanimwagia sifa mpaka simu ikapata joto. Katikati ya sifa zile Adila akanitumia sauti, na hakusalimia, yeye ambaye husalimia hata paka. Alisema, "Najim, namba moja umeigusa?"

Nikacheka. Nikamjibu, "Namba moja wa mji huu si ndiye mimi?"



Mzee alikuja baada ya Alasiri. Alilizunguka gari, hakusema neno juu ya weusi, hakusema neno juu ya bomba, akafungua mlango, akakaa, akabonyeza kitufe pembeni ya mlango, kile cha kiti, namba moja. Kiti hakikwenda popote. Akabonyeza tena, akakiweka kidole palepale, vile mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Mimi nikaona mzee anahangaika, nimsaidie, nikamwambia, "Hiyo nimeisafisha, mzee. Iko tupu kama mpya." Tena nilisema nikitabasamu, Bi Sihaba, nilidhani anaona raha.

Mzee akaondoa kidole. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Limependeza." Akashuka, akarekebisha kofia yake, akaenda zake kwa miguu, na gari mpaka leo liko kwangu, hajalifuata wala hajamtuma mtu.

Ndipo Adila akaniandikia, na tangu hapo sijapata neno lake tena. Magari yale kiti kina kumbukumbu, kila dereva anahifadhi mkao wake kwenye namba, akibonyeza kiti kinamfuata. Namba mbili ilikuwa ya mzee, mfupi, kiti mbele kabisa. Namba moja aliiweka Sharifu alipokuja likizo. Kila Ijumaa mzee akirudi msikitini akishaegesha uani hubonyeza namba moja kabla hajashuka, kiti kinarudi nyuma taratibu, mgongo unalala kidogo, usukani unapanda, vioo vinageuka, kila kitu kinajipanga kumpokea mtu mrefu, na mama yake Adila husimama mlangoni kutazama. Kikishatulia, wanaingia ndani kula. Mwisho akaandika, "Kaburi lake hatuna la kwenda kulizuru, Najim. Tulikuwa na hicho kiti."

Mjomba Mbaruku alikwenda kuulizia posa. Alikaribishwa kahawa, akaulizwa hali ya watoto, akaulizwa hali ya magoti yake, kisha akaambiwa kwa upole kwamba lile jambo na lipumzike. Aliporudi alinikuta nje akaniambia, "Mjomba, hapo hata mimi sina mguu wa kurudia," na mjomba wangu huyo amewahi kuwapatanisha watu walioshikiana mapanga.

Bi Sihaba, chakula kinanishinda, mizaha yangu kijiweni imekuwa mimi mwenyewe ndiye ninayeicheka. Stika nimeshaanza kuibandua, bomba la zamani lipo, nguvu za injini naweza kuzirudisha zilivyokuwa. Kila nilichoongeza naweza kukitoa, nilichokifuta ndicho siwezi kukirudisha. Sasa nina rafiki yangu Issa, mcheza kikapu, urefu wake na wa Sharifu ni mmoja, walikuwa wakiazimana suruali. Nataka nimkalishe Issa, kiti kikae kama anavyokitaka, nikihifadhi kwenye namba moja, nimpelekee mzee nimwambie nimeitafuta kwenye kompyuta nimeipata. Hatajua. Issa amekubali. Ila kila mkono wangu ukifika kwenye kile kitufe unakataa, na mkono huu haujawahi kukataa gari. Nifanye au nisifanye? Na Adila je, bado nina changu pale au ndiyo basi tena? Nijibu upesi, na ukinitukana nitukane taratibu, nimeshachoka.

Najim, fundi, Bagamoyo

Bi Sihaba anajibu:

Marahaba, Najim. Gari langu liache na plasta yake, halijakuomba kitu.

Nimekusoma peke yangu kama ulivyotaka. Nilianza kwa kucheka, nikaishia kuvua miwani. Pole, baba. Ipokee pole hiyo uiweke vizuri, kwa sababu yanayofuata siyo matamu.

Wewe umezaliwa pwani, umelelewa pwani, hujui maana ya "fanya uonavyo"? Mzee wa kwetu hakukatazi usoni. Anaona haya kukuvunja mbele ya mlango wako wa kazi, kwa hiyo anakurudishia akili yako mkononi, aone utaifanyia nini. Ungemjibu, "Mzee, nionavyo mimi ni taa tu," leo ungekuwa unaulizwa unapendelea ndoa mwezi gani. Alisema atakutazama, na alikutazama kwa maneno mawili, nawe hukusikia kwa sababu kichwani mwako bomba lilikuwa limeshaanza kunguruma. Tena nimeirudia barua yako nikiitafuta ile taa iliyovunjwa na ng'ombe. Hukuandika popote kwamba umeitengeneza.

Ulijua kijana amekufa, ukadhani huzuni ni vumbi, kwamba ukilipiga gari rangi itatoka. Huzuni ya yule mzee ilikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa alikuwa akimsogezea mwanawe kiti. Wewe ukakivuta.

Sasa hilo la Issa. Usifanye. Sikukatazi kwa kuwa watagundua, ingawa watagundua. Mama aliyekitazama kiti kile Ijumaa zote hizo atajua hata kikikosea kwa unene wa kidole. Nakukataza kwa kuwa wanaweza wasigundue. Hapo utakuwa umewaletea mtu mwingine wamkaribishe nyumbani kwa jina la mtoto wao. Utaoa, utakaa kwenye mkeka wao, utakula wali wao, na kila Ijumaa utawatazama wazazi wa mkeo wakifarijika kwa urefu wa mcheza kikapu. Siku moja Issa atakasirika na wewe kwa jambo dogo, na atasema. Mkono wako unaokataa una adabu kukushinda wewe. Ufuate.

Kiti hakirudi. Likubali hilo leo, usimtafute fundi wa Dar wala wa Dubai akupe matumaini ya uongo. Yule mzee alimpoteza Sharifu Maskati, akampoteza tena kwenye gereji yako, na mimi sina dawa ya hilo. Naandika gazetini, sifufui.

Fanya hivi. Ile video ifute, na usiweke nyingine ya kuomba msamaha. Msamaha hauna watazamaji. Toa kila ulichoongeza, mpaka gari liwe jeupe na kimya kama lilivyokuja. Tengeneza taa. Namba moja iache tupu, usiiguse hata kwa kuijaribu. Kisha mwombe mjomba wako akusindikize, asiende kama mshenga, aende kama mtu mzima anayemshika kijana wake mkono. Msiende Ijumaa.

Ukifika usimweleze mzee habari za kompyuta wala za Kiingereza, na usitamke neno "nilidhani." Mwambie, "Mzee, nimekifuta kiti cha Sharifu na siwezi kukirudisha. Niwie radhi." Mama akiwepo, mwambie na yeye, kwa sauti hiyohiyo. Hapo nyamaza. Najua kwako hilo ni zito kuliko injini ya silinda nane, lakini nyamaza, hata kimya kikirefuka, hata mzee akilia. Akilia usimbembeleze, hujawa mtoto wake.

Adila usimtaje, usimtafute kwa macho pazia likitikisika, usimwandikie ukirudi. Umeuliza kama una chako pale. Leo huna. Ulichokuwa nacho ulikibadilisha kwa sifa za watu wa simuni, na yule binti alikuuliza swali moja tu la maana, ukamjibu kwa kujisifu. Kama ataweza kukutazama tena bila kuona kiti kile, atalijua mwenyewe, na si kazi yako kumharakisha.

Wakikukaribisha kahawa, kunywa. Wasipokukaribisha, usigande mlangoni. Mkabidhi mzee funguo kwa mikono miwili, urudi kwenu. Akikuita, nenda. Asipokuita, Najim, hujaitwa.