Kuutazama Mkono wa Baba Zuleikha

Alhamisi. Kilifi imeamka na rasharasha, sasa jua linawaka. Mie nina furaha nisiyojua niiweke wapi.

Niliteleza uani nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa umeshaunga, plasta imetolewa, lakini kiganja kilikataa kugeuka juu. Nikimaliza kuswali, ikifika dua, mkono mmoja unaomba na mwingine umeinama kama hayauhusu. Nililia kwa hilo kuliko siku niliyovunjika.

Bi Amina, anayenifanyisha mazoezi hospitalini, alinieleza kuwa mkono ulikaa kimya muda mrefu, hata akili imeanza kuusahau. Akataka kila asubuhi nimtazame mtu akigeuza kiganja polepole, kisha nifumbe macho nikione changu kikigeuka vivyo hivyo, ndipo nijaribu.

Mtu huyo amekuwa mume wangu.

Ni fundi wa kuchomelea madirisha, maneno yake machache. Kabla ya kwenda kazini hutandika mkeka, akaketi mbele yangu, akakigeuza kiganja juu, akakirudisha chini, kama hana kazi inayomngoja. Miaka yote ya ndoa sijapata kuutazama mkono wake hivyo. Juzi niliona kovu chini ya kidole gumba, nikamuuliza ni la lini. Akasema aliungua akitengeneza madirisha ya nyumba hii, nikiwa na mimba ya binti yetu Zuleikha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hulali vizuri, Mama Zuleikha. Ningekuzidishia."

Siku hiyo mazoezi yalinishinda. Nilikaa tu nimeushika mkono wake.

Leo asubuhi kiganja kimegeuka. Hakikufika juu kabisa, lakini kimegeuka. Baba Zuleikha amekitazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tena." Nikarudia, kikageuka tena. Akainuka, akajifanya anatafuta viatu. Viatu vilikuwa mlangoni, anaviona.

Baadaye nikaenda hospitali. Bi Amina amefurahi mno. Amesema sasa naweza kufanya mazoezi peke yangu, sina haja tena ya kumtazama mtu.

Mchana mume wangu amepiga simu kuuliza nimeambiwa nini. Nimemwambia Bi Amina amefurahi.

Nimeishia hapo.

Nitamwambia yaliyobaki, sina nia ya kumficha. Lakini ni lazima iwe kesho?