Kona Niliyoinyoosha

Jumanne, 5 Agosti 2025
Nimepanda Machame kumsalimia kaka. Moyo ulinilipuka! Godlove kang'oa masale yote, ile mimea ya mpaka wetu na Bibi Eunike, jirani yetu mjane, kayapanda upya kwa mstari ulionyooka. Ile kona ya bibi iliyoingia upande wetu imekwisha. Mibuni sita ya bibi sasa iko kwetu. Nikamgombeza. Akacheka, akanionyesha mchoro wangu ukutani kwake — kihamba chetu, shamba la ukoo, kwa miraba na mistari mitupu. Si mwenyewe ulichora hivi, dada?

Niliinyoosha kona kwa sababu iliharibu mchoro. Basi! Analijua hilo vizuri. Ila kisingizio nimempa mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Bibi Eunike kashuka hadi kwangu Njoro, huku mjini. Shikamoo, marahaba. Kaulizia picha ya kihamba niliyoichora 2016, enzi zile nachora kila jani. Kona imo, mibuni yake imo. Wazee wanakaa Jumapili baada ya ibada kuamua mpaka, anataka niipeleke.

Nikasema nitaitafuta. Mwongo mimi! Ilikuwa nyuma ya kabati, hatua mbili kutoka alipokaa.

Ijumaa, 8 Agosti
Godlove kapiga simu. Watu wa tumbo moja hawaumbuani, anasema. Picha yenyewe ya kitoto, unaionea aibu — ipake nyeupe, uchore pembetatu zako.

Kweli naionea aibu. Mgeni akija naificha. Watu wananijua kwa miraba, niwaonyeshe migomba ya jani kwa jani?

Nimeipaka. Nilijidai kanvasi zimeniishia. Mibuni ya bibi niliiacha mwisho, halafu nayo nikaipitishia brashi. Najichukia.

Jumamosi, 9 Agosti
Bibi Eunike karudi asubuhi hii. Mkononi jani la isale! Kwetu anayekuja na isale anaomba msamaha — nikadhani katumwa na Godlove. Hapana. Anaomba wake mwenyewe. Aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba nimeificha picha ili nimdhulumu. Imemkaa rohoni. Mwanangu, nimekusingizia, nisamehe. Mama wa miaka themanini, kwangu mimi! Na isale halikataliwi.

Nimelipokea kwa mikono miwili. Nikakimbilia jikoni, eti chai.

Naandika nimesimama. Nyeupe ile ni rangi ya maji, ya chini ni ya mafuta. Nikiisugua leo kwa spiriti huenda ikatoka. Lakini nitamwambia nini, ilikuwa wapi?

Chai imechemka zamani. Anaita toka sebuleni: Ruthi, umenisamehe au bado?