Hisa za Mkwe

Jumapili jioni, Mwanza

Kumbe gawio nalo hukatwa kodi kabla halijanifikia. Kampuni ikiwa kwenye soko la hisa wanakata asilimia tano. Hii kampuni ya samaki ninayotaka kununua hisa zake haipo sokoni, kwa hiyo ni kumi. Tofauti hiyo imenikera tangu juzi.

Lakini hawa wa samaki wananiuzia hisa za upendeleo. Nilimuuliza wakala wao maana yake. Akasema, "Gawio likitoka unalipwa wa kwanza, ila mkutanoni hupigi kura."

Leo tukitoka ukweni Sengerema, nilimsimulia mke wangu tukiwa darajani Busisi. Akacheka. "Kama wewe kwetu. Mkwe unaandaliwa wa kwanza, lakini kikao cha ukoo huingii."

Tulipofika Kigongo nikakumbuka. Siku walipoamua kuuza shamba, mimi nilikuwa sebuleni na paja la kuku, wao chumba cha pili. Na miche ya kahawa ya shamba lile nilinunua mimi.

Kesho nitaulizia hisa za kawaida, za kampuni iliyo sokoni. Kodi nusu, na kura ninayo. Kuku nitamsubiri.